Daktari Aliuliza Nani Ananipikia

Gonzanamá, 2 Mei 1997

Mwanangu Enith,

Hujambo huko Quito? Huku wazima, ila mimi silali tangu uliponiandikia kwamba ulianguka kiwandani ukatoa povu. Kifafa, katika ukoo wetu! Huyo daktari wa ubongo kamwone, lakini usikubali akutoboe kichwa. Nenda na Maruja, mwenzako wa kazi na chumba, aliyekuona ukianguka. Wewe utamweleza nini na hukuwa na fahamu? Na uvae vizuri, asije akasema hatukukulea. Dereva wa basi anakuletea jibini na pilipili niliyokusagia. Kula, umekonda.

Mama yako,
Zoila

Quito, 11 Mei 1997

Shikamoo Mama,

Sijaanguka tena, na mzigo umefika, asante. Daktari hakunitoboa. Kwanza yalikuwa maswali, nusu saa nzima: nilianguka saa ngapi, niliuma ulimi, natumia dawa gani. Maruja ndiye aliyejibu mengi, hata akaonyesha nilivyorusha miguu, nikatamani ardhi inimeze. Halafu daktari akanigonga magoti kwa kinyundo, akanimulika machoni, akanifumbisha macho niguse pua, akanitembeza kwenye mstari kama mlevi. Nikacheka, nikadhani yamekwisha. Ndipo nikapelekwa kupigwa picha ya kichwa.

Mama, nina minyoo kwenye ubongo, ile ya nguruwe. Vifuko saba. Nimeviona kwa macho yangu.

Nikamwambia daktari, "Basi nguruwe sili tena."

Akasema, "Tatizo si nyama, binti. Nyama isiyoiva humpa mtu mnyoo wa tumboni. Wewe umekula mayai ya mnyoo kutoka mikononi mwa mtu aliye naye, asiyenawa vizuri atokapo chooni. Nani anakupikia?"

Maruja akajibu, "Mama yake humtumia chakula kila mwezi."

Daktari anataka ukapimwe choo, Mama. Anasema mwenye mnyoo huyo anaweza asisikie lolote. Tafadhali.

Binti yako,
Enith

Gonzanamá, 18 Mei 1997

Enith,

Sikuulizi hali. Aliye na nguvu za kumtukana mamake ni mzima. Mikono hii imekuogesha, imekulisha, imemfunga baba yako sanda, leo imekuwa ya mavi? Kila sherehe ya mtakatifu kijiji kizima kinakula kwangu. Mwambie daktari wako aje anuse jiko langu. Mimi sipimwi.

Zoila

Quito, 29 Juni 1997

Shikamoo Mama,

U mzima kweli? Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu. Nameza dawa, kichwa kinaniuma, lakini daktari anasema ninaendelea vizuri. Sikukutukana. Ningesema sina hasira, ila ninayo. Jibini yako nimeitupa, nikalia jikoni mpaka Maruja akaja kuninyanyua. Kapimwe tu, Mama.

Binti yako,
Enith

Gonzanamá, 10 Agosti 1997

Mwanangu Enith,

U hali gani? Kichwa je? Mimi sijambo, na hilo ndilo linalonitisha, maana sikuumwa hata siku moja.

Ni mimi. Barua yako ya jibini ndiyo iliyonipeleka zahanati, na nesi aliponionyesha karatasi ya majibu nilimwambia amekosea jina. Nikapimwa tena. Ni mimi, Enith. Wamenipa dawa, mnyoo akatoka, nikamwona.

Padre alikuja kuniambia nianze kupanga mapishi ya sherehe. Jumapili nikasimama kanisani, nikasema mbele ya watu, "Msinipe sufuria. Nilikuwa na mnyoo, na mwanangu amepata minyoo kichwani kwa mikono yangu. Nendeni mkapimwe wote." Hortensia jirani akapaza sauti, "Mchafu wewe!" Hakuna aliyenitetea, hata padre. Lakini Jumatatu foleni ya zahanati ilifika barabarani. Mjukuu wa Hortensia, yule msichana wa miaka minne, kumbe naye huanguka kifafa, wakawa wanamwombea tu. Wamempeleka Loja mjini. Huyo nilikuwa namtilia tonge mdomoni mwenyewe.

Nesi anasema nimepona, ninawe kwa sabuni nipike. Nawasha moto, nautazama, nauzima. Ukija, utapika wewe. Mimi nitakaa mbali kidogo nikuone ukila.

Mama yako, kama bado unakubali niandike hivyo,
Zoila