Atieno Hakuwa na Chira

Mama mdogo,

Jana mchana nilikuona tena. Nilikuwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, huku Sori, nikimsubiri Atieno amalize zamu. Ziwa lilikuwa limetulia hivi kwamba sikuweza kusema maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Ulitokea huko katikati, umejifunga leso yako ya kijani, ukapita mbele yangu polepole bila kunitazama, kama mtu anayewaza la jikoni. Nilipofumbua macho ilikuwa saa nane na robo. Ni kazi ya uandishi wa habari iliyonizoesha hivyo. Hata ndoto naitafutia saa na mahali.

Nina habari niliyokuwa nayo ukiwa hai, nikakunyima. Naiandika sasa.

Binti yako hakuwa mgonjwa. Mwaka jana yeye na Boke, yule nesi mwenzake wa Ntimaru aliyekuja kwako Krismasi akala samaki mpaka ukampenda, waliaga watu kwamba wanaenda kozi Nairobi. Hakukuwa na kozi. Walienda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, lile la ndani linalopokea chakula, ili wapungue uzito. Unakumbuka magoti ya Atieno. Kuna siku alipiga magoti kumpokea mtoto wa mwanamke aliyezalia mlangoni kabla ya kufika kitandani, na mtoto alipolia, ni yule mzazi aliyemshika nesi mkono ili ainuke. Alinisimulia akicheka. Kisha akaacha kucheka.

Wewe hukuambiwa kwa sababu ya presha yako. "Mama akisikia nimelala mezani nikatwe nikiwa mzima, tutamzika," Atieno aliniambia, akaniapisha. Nimetunza siri za watu wengi katika kazi hii. Niliona hii ni ndogo.

Waliporudi kazini, sare zao zilikuwa zinaning'inia. Fundi alizipunguza, baada ya muda akazipunguza tena. Saa ya chai wenzao walipokula mandazi, wao wawili walikula nusu yai kwa kijiko, wakangoja, ndipo wakanywa maji, funda moja, halafu jingine. Watu wa benchi wanaona kila kitu. Kwao Boke maneno yalikuwa ya mzaha tu. Shemeji zake walimwambia wanataka nusu ya ng'ombe wao wa mahari warudishwe. Kwa Atieno hawakutania. Jumanne ni siku ya dawa za virusi vya UKIMWI, na watu waliokuwa wakipanga foleni kwake miaka yote walianza kuhamia chumba cha pili. Mzee mmoja mvuvi alimwinamia akauliza, "Sista, hizi dawa mnatupatia, nyinyi wenyewe hammezi?" Alimjibu kwamba yeye yuko sawa. Mwezi uliofuata yule mzee hakuja kuchukua dawa.

Uvumi ukavuka hadi kwako, upande wa Homa Bay. Ukatuita.

Jumapili ile ninayo yote kichwani. Ulikuwa umepika kuku, na Atieno akala kipande kama kidole. Kisha ukaleta manyasi kwenye jagi, ile dawa ya miti ya kuondoa chira, maana kwetu mtu akivunja mwiko, mtoto wake hukonda mpaka aishe. "Kunywa yote," ulisema. "Hii haibakizwi." Angeweza kukataa. Lakini wewe ulikuwa umesimama na jagi kwa mikono miwili, na yeye ni mtoto wako. Akanywa kikombe kizima kwa mkupuo, kitu ambacho tumbo lake jipya haliwezi, na chote kikarudi hapohapo sakafuni. Ulipangusa mwenyewe. Ulisema neno moja tu: "Imekataa."

Baadaye ulinivuta nyuma ya jikoni. Uliniambia mimi, mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa, kwa sababu kosa lilikuwa dhidi ya nyumba yangu. Mvua ilikuwa imewahi. Mama yangu, mke mkubwa, ambaye ndiye anayepaswa kuanza kupanda, alikuwa kwangu Migori akitibiwa macho. "Nilipanda mistari miwili ya mtama," ulisema. "Miwili tu, udongo ulikuwa mzuri. Sasa nyathina anakauka." Mwanangu anakauka.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Sentensi moja, yenye ukweli, yenye mashahidi. Nikasema, "Atapona tu, mama."

Ulisafiri hadi Migori kumwomba mama yangu msamaha. Alishangaa. Alisema macho yake hayakuona mtama wala magugu, na kama umeota vizuri basi mvune mle wote. Hukumwamini. Ukaendelea kutafuta miti, asubuhi huku, mchana kule, hadi ulipoanguka jikoni.

Sisemi kwamba wazo hilo ndilo lililokuua. Daktari aliandika kiharusi, na presha yako ilikuwa ya miaka mingi. Siandiki nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba ulikufa ukiamini jambo la uongo, na mimi nilijua ni uongo.

Yaliyotokea baada yako ni haya. Kwenye maziko watu walimtazama Atieno kuliko jeneza. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Anayefuata ni huyu." Atieno alirudi kazini baada ya wiki mbili. Jumanne ya kwanza, mama mmoja anayeleta omena, dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba alimshika mkono mbele ya benchi lote. "Pole kwa mama," akasema. "Na wewe usikate tamaa. Meza dawa yako." Atieno hakuutoa mkono. Alisema kwa sauti ya kuita majina ya wagonjwa, "Sina virusi. Sina chira. Nilikatwa tumbo nipungue, kwa kutaka mwenyewe, na nimemzika mama yangu bila kumwambia."

Yule mama wa omena akapiga makofi. "Yawa! Unapasuliwa ndio usile? Si ungekuja tu Remba, sista, tungekunyima chakula bure!"

Benchi likacheka. Boke akatoka ndani kuona kuna nini, akainua blauzi akawaonyesha alama zake tano ndogo, na wanawake wakasogea kuzihesabu kwa vidole. Atieno pia alicheka, wanasema, huku machozi yakimtoka. Wiki iliyofuata alimfuata yule mzee mvuvi mpaka kwake, na mzee ameanza tena dawa. Si wote waliorudi. Ana majina yao, na anawafuata mmoja mmoja.

Lakini ya mtama alikuwa hayajui. Nilimweleza jana, alipotoka zamu, baada ya wewe kupita pale maji yalipoungana na anga. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu, kama mtu anayejaza fomu.

"Alijilaumu siku ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema.

Mama mdogo, nyumbani bado wanasema ulivunja mwiko na mwiko ukakuvunja. Jumamosi ukoo unakutana. Nitasimama mbele yao wote, na mama yangu akiwepo, niseme kwamba hukumkausha mtoto wako, kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza ukiwa umesimama hatua moja kutoka kwangu. Wakinikatiza nitaanza upya. Ukitaka kupita tena mchana, pita, hata usiponitazama.

Lala salama.

Mtoto wako wa nyumba kubwa