Samaki Aliyeliwa na Mama

Chumba Na. 4, Nyumba ya Milango ya Buluu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Dada yangu,

Kabla sijasema lolote, goti lako linaendeleaje? Shemeji ameachana na kile kikohozi au bado mnalala mkikisikiliza? Watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima. Mama pia ni mzima, anakula na anacheka. Nalitanguliza hilo ili usifike ukurasa wa pili ukitetemeka.

Mimi bado niko jikoni pale shuleni na sufuria zangu. Huu ni mwaka wa kumi na saba, watoto mia nne kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa tumbo kwa mkono wangu. Binti yangu anakushukuru kwa viatu. Vinambana kidogo lakini hataki kusikia habari ya kuvitoa.

Dada, ninaandika kwa sababu ya ile picha. Ile aliyokutumia Meneja, sote tumeketi mgahawani, sahani zimejaa, Mama yuko katikati. Ulinijibu kwamba tumependeza na kwamba umelia kwa furaha. Nimeusoma ujumbe wako mara nyingi. Huwezi kuendelea kuisifia picha ile bila kujua ni picha ya nini.

Wewe ndiye uliyetushauri kutoka pamoja kila Jumamosi, ili Mama asife moyo tangu Baba atuache. Lilikuwa wazo jema, nami sikulaumu hata chembe. Lakini unamjua kaka yetu, ambaye Mama alikuwa akiishi kwake. Tangu wampe ofisi kule ghalani, hata sisi ndugu zake hutuitikia tukimwita Meneja tu. Basi matembezi nayo aliyasimamia kama magunia yake: twendeni hapa, kaeni pale, chekeni.

Jumamosi ya kwanza alitupeleka kwenye bwawa la kuogelea. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimekaa ukingoni na Mama, plasta ya kidonda cha mtu ikaja ikielea taratibu hadi kwenye kifundo cha mguu wake, ikagusa, ikaendelea na safari. Niliruka kama niliyeumwa. Meneja akasema maji ni masafi, mimi ndiye ninayeona uchafu kila mahali. Mama hakuitoa miguu yake. Alisema maji ni mazuri. Nikadhani ni upole wake tu.

Sasa nije kwenye mgahawa. Ilikuwa Jumamosi ya tano, saa saba mchana, jua kali. Mwenye mgahawa ule ni bwana mmoja mnene mwenye kicheko kirefu, na Meneja alikuwa anamtaka waingie ubia wafungue tawi karibu na ghala. Hilo hatukuambiwa. Sisi tuliambiwa ni siku ya Mama.

Nilichukizwa tangu mlangoni. Kitambaa cha plastiki mezani kilikuwa kinanata. Ukiweka mkono, unaubandua kama unavyobandua stempu. Orodha ya vyakula ilikuwa na mchuzi uliokauka, mtu ameufuta kwa kidole na alama ya kidole imebaki. Glasi niliyopewa ilikuwa na rangi ya midomo ya mwanamke niliyemkosa sijui kwa saa ngapi. Nikaisogeza pembeni. Nilikuwa nimejiapiza kutoiharibu siku.

Meneja hakumuuliza mtu anataka nini. Alinyanyua mkono akaagiza samaki mzima kwa kila mmoja: Mama, yeye, wifi yetu, mimi na binti yangu. Mwenye mgahawa akaja kumpiga piga mabega, wakacheka, akaenda kusimama meza ya tatu kutoka kwetu, anatuangalia tule.

Samaki walikuja. Dada, unajua pua yangu. Shombo ya samaki ni kitu kimoja, naipika kila Ijumaa. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa harufu ya kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Na juu yake wamemwaga ndimu, na vitunguu saumu, na pilipili, mpaka macho yanawasha. Mpishi anayemwaga ndimu namna ile anaficha kitu. Niliinua ngozi kwa uma. Nyama ilikuwa imelegea kama sabuni iliyolala majini, na karibu na mfupa kulikuwa na ute wa kijivu unaovutika. Nilimnyang'anya binti yangu sahani kabla hajaonja.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Mama, usile. Samaki huyu ameoza."

Meneja alitabasamu, maana yule bwana alikuwa anatazama, lakini maneno yalitoka yamekunjwa. "Wewe umezoea kupikia watoto maharage. Chakula cha mgahawa unakijulia wapi? Usinitie aibu."

"Kaka, nusa tu."

"Nimesema usinitie aibu."

Wifi aliinamia sahani yake kama anayesoma maandishi madogo. Mama akanitazama mimi, akamtazama Meneja. Kisha akamega kipande, akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. "Kitamu," alisema. Akamega kingine. Akaendelea hivyo hivyo, mpaka upande mzima ukaisha, mpaka akageuza samaki akaanza upande wa pili. Nilikuwa natazama koo lake likipanda na kushuka, na mate yalikuwa yananijaa mdomoni, siyo ya hamu.

Hapo ndipo Meneja alipompa mhudumu simu atupige picha. Ukiitazama tena utaona binti yangu hana sahani. Mimi sicheki, nimebana meno.

Picha ilipokwisha nikasema nakwenda kunawa, nikapitiliza hadi jikoni. Friji imefungwa mlango kwa kamba. Chini yake dimbwi la maji mekundu, na inzi wametulia juu yake kama wamelipia viti. Mpishi alifuta jasho la shingo kwa kitambaa, na kwa kitambaa hicho hicho akafuta ukingo wa sahani iliyokuwa inatoka. Yule mhudumu aliyetupiga picha alinikuta pale nimeziba pua. Msichana wa makamo ya binti yangu mkubwa, kama ningekuwa naye. Alidhani nitapiga kelele.

"Umeme hakuna tangu Alhamisi," alininong'oneza. "Tulimwambia mwenyewe, akasema tuongeze ndimu. Samahani, mama. Sisi wenyewe hatuli hapa."

Nilirudi mezani nikiwa nimeamua kuwaondoa Mama na mtoto hata kwa kuwabeba. Meneja alikuwa ameshatoka na rafiki yake kwenda kuonyeshwa jiko la nje. Sahani yake ilikuwa nyeupe, mfupa wa mgongo tu. Nikajisemea, angalau huyu mjinga kala sumu yake mwenyewe. Mtandio wa Mama ulikuwa umeanguka chini ya meza, nikainama kuuokota.

Dada, chini ya kiti cha Meneja kulikuwa na furushi la karatasi za mezani, limelowa mafuta, limesukumwa kwa kisigino hadi nyuma ya mguu wa meza. Nililifungua. Alikuwa ni samaki wake. Nyama yake yote, kasoro kipande kimoja cha kuonja.

Alionja, akajua, akaficha. Kisha akakaa akimtazama mama yake akimaliza wa kwake, na akaagiza picha.

Nimefanya kazi na uchafu maisha yangu yote. Nimezibua masinki, nimetoa panya aliyeoza nyuma ya magunia ya mchele. Sijawahi kusikia kinyaa kama nilichosikia nikiwa nimepiga magoti chini ya meza ile. Nililifunga tena lile furushi, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikalitumbukiza kwenye mkoba wangu. Mkoba wenyewe nimeshautupa.

Hatujafika nyumbani kwa Meneja, Mama akaomba gari lisimame. Alitapika ukingoni mwa barabara, ameshikilia mkono wangu, anawaomba radhi wapita njia. Ilipofika alasiri alikuwa hawezi kusimama. Tukampeleka hospitali, wakamlaza, wakamtundikia maji. Alikaa siku tatu. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu alinikataza, na nilimtii, na hilo nakuomba unisamehe.

Daktari alipouliza amekula nini, Meneja akajibu haraka kwamba ni uzee, na kwamba asubuhi Mama alikula embe bichi. Embe! Nikafungua mkoba pale pale kwenye korido, nikaliweka lile furushi kwenye benchi, kati yangu na yeye. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi hapo alinyanyuka akaenda mbali.

"Hiki ni nini, Kaka?"

Alikitazama. Akasema ningekuwa mimi ningefanyaje, mtu amekukaribisha kwake, mnakaribia kuwa washirika, utamwambiaje chakula chake kimeoza?

"Sikukuambia umwambie yeye. Ungemwambia Mama tu, ungemkanyaga hata mguu."

"Mbona yeye mwenyewe hakusema?" alijibu. "Ana pua kama sisi."

Sikumrushia kitu. Nilitamani. Daktari alimwita muuguzi aje atoe lile furushi, na mimi nikaenda kunawa mikono mara tatu.

Siku ya pili Mama alipopata nguvu ya kukaa, nilimuuliza swali lile lile, maana lilikuwa limeniingia kichwani. Je, hakusikia harufu?

"Nilisikia," alisema, "tangu sahani iko mlangoni."

"Sasa Mama, ulikula kwa nini?"

Kwanza alitazama mlango wa wodi. Alipoona hakuna mtu, akasema polepole. "Nikikataa kitu, hanisemeshi. Na mkewe anaambiwa asinisemeshe. Mara ya mwisho ilikuwa siku tisa. Nilisema sitaki kuhamishiwa chumba cha uani. Siku tisa, mwanangu, nyumba kubwa vile, hakuna mtu aliyeniita hata Mama."

Dada, nilikuwa namtembelea kila Jumatano. Namkuta amekaa, anaitikia kila kitu, ndiyo mwanangu, vizuri mwanangu, nami narudi kwangu nikijisifu kwamba mama yetu hana makuu. Miaka miwili sikunusa kitu. Mimi mwenye pua. Kaka yangu ananichukiza, lakini siku ile pale kitandani nilijichukiza mwenyewe kuliko yeye.

Aliporuhusiwa sikumrudisha kule. Nilimleta hapa. Kitanda chake kiko upande wa dirisha, binti yangu analala nami, mguu mmoja juu ya tumbo langu usiku kucha. Wifi alikuja siku moja peke yake na nguo za Mama kwenye begi. Alikaa nusu saa, akalia, akaondoka kabla mumewe hajarudi kutoka kazini. Nilimwambia mlango wangu anaujua.

Ule mgahawa nilikwenda kuushtaki kwa watu wa afya. Waliufunga wiki mbili. Umefunguliwa tena, umepakwa rangi mpya ya machungwa, na yule bwana anacheka mlangoni kama kawaida. Ubia na Meneja umekufa, lakini usidhani ni kwa haya. Nasikia amepata mtu mwingine.

Sasa ombi langu. Meneja anasema nimemwibia mama, nimemfedhehesha kwa ukoo, na kwamba atakupigia wewe, mkubwa wetu, uniamuru nimrudishe. Atakupigia kwa sauti nzuri. Atakukumbusha picha. Nakuomba usimjibu ndiyo wala hapana mpaka uongee na Mama mwenyewe. Piga simu yangu mchana, nitampa na nitatoka nje. Na ukimuuliza swali, msubiri. Bado anatafuta kwanza jibu ambalo halitamuudhi mtu. Linalokuja baada ya hilo ndilo lake.

Salamu nyingi kwa Shemeji, na kwa wapwa zangu wote wawili, yule mrefu na yule mcheshi. Nisalimie pia jirani yako mshonaji aliyekushonea koti. Mungu akulinde mwilini na njiani, akupe chakula kisafi na watu wasafi wa kula nao.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikuambie la Alhamisi. Nilipika supu ya kuku, nikampakulia Mama. Akaonja kijiko kimoja. Akakiweka. Akalisukuma bakuli kwa vidole viwili mpaka katikati ya meza, akasema, "Hii imezidi chumvi. Siitaki."

Baada ya kusema akakaa, mikono mapajani, ananitazama. Nikaona anahesabu siku. Basi nikainuka nikamwambia: Mama, samahani Mama, nikupikie nini Mama, yai, Mama, au viazi, Mama? Nilimwita hivyo mpaka binti yangu akaanza kucheka, na Mama naye akacheka, akasema viazi, lakini nivikaushe vizuri.

Mdogo wako anayekupenda sana na kukungoja,
Kitindamimba