Aliyekataa Kufungua Kanda

Kasulo, Ngara
11 Agosti 1996

Mjukuu wangu Nice,

Barua yako imefika kwa mkono wa Hatibu, yule mwenye duka pale Ngara mjini, na haina shikamoo. Nimeigeuza mbele na nyuma, haimo. Basi leo mimi mkubwa ndiye ninayeanza. Hujambo? Kifua kimepona? Huko Dar es Salaam unakula, au unashindia vitabu tu? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikiteremka bondeni. Migomba imezaa vizuri. Mikaratusi yangu yote wakimbizi wameikata kuni. Niliwatukana mpaka sauti ikakauka, kisha nikawaza, sasa wangepikia nini.

Umeandika kwamba Kituo cha utafiti wa historia cha chuo chenu kimekosa fedha, kwamba muhula ujao hakuna wa kukulipia karo, na kwamba chanzo ni mtu mmoja mkorofi wa huku kwetu aliyekataa jambo kwenye kamati. Unataka nimtafute nikamseme. Nitakujibu, lakini usinikimbize.

Kwanza ukijue hicho Kituo, maana wewe unakula kwake tu. Chuo kinatoa chumba na jina. Serikali inatoa kibali na mhuri. Wafadhili wa Ulaya ndio wanaotoa petroli, kanda za kunasia sauti, mishahara, na karo za wanafunzi kama wewe. Juu ya wote ipo kamati ya watu watano: wawili wa chuo, mmoja wa wilaya, mmoja wa wafadhili, na mmoja wa wasimuliaji, yaani sisi tunaosema wao wakinasa. Kiti hicho cha tano ni changu tangu mwaka juzi. Siku ya kunipa, Dokta Audax, mkuu wa Kituo, alinisogezea wino niweke dole gumba. Nikamwomba kalamu. Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima, na jina langu naliandika lote.

Sheria yao inasema neno halipiti mpaka wote watano wakubali. Nadhani waliiandika hivyo ipendeze kwenye karatasi, wakijua bibi wa kijijini atakuja kunywa soda na kuitikia. Lakini mimi nimekaa mabaraza ya ukoo tangu babu yako yu hai, na kule mzee mmoja akisema bado, wenzake huchukua fimbo zao wakarudi nyumbani. Sheria yao niliielewa kuliko wao.

Mwezi wa sita tuliitwa mjini. Mtu wa wafadhili akasema msaada utaendelea ikiwa kanda zote walizosema wakimbizi wa kambi ya Benaco zitafunguliwa, kila anayetaka asikilize, na majina yaandikwe waziwazi. Alisema historia haifungiwi kabatini. Wa wilaya akakubali. Wale wawili wa chuo wakakubali huku wanatazama meza.

Sasa sikiliza vizuri. Katika kanda hizo imo ya Esperansia, yule mama Mnyarwanda anayenisaidia mihogo kila Alhamisi. Alieleza yaliyowapata kwao, akawataja waliofanya, mmoja mmoja kwa jina. Baadhi yao wako hapo hapo Benaco. Ndio wakubwa wa mtaa wake kambini, ndio wanaogawa chakula, na yeye hupanga foleni mbele yao ameshika debe. Hakusemea kambini. Alisemea jikoni kwangu, tukinywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, na kwetu huwezi kushirikiana mrija na mtu halafu ukampeleka kwa adui zake. Aliniuliza nani atasikia. Nikamwambia hatasikia mtu mpaka mimi nikubali, na mimi sitakubali yeye akiwa bado humo kambini.

Kabla ya zamu yangu kusema, Audax aliniomba tutoke nje kidogo. Ni mtu wa adabu, simlaumu, alikuwa anatokwa jasho.

“Mama,” akaniambia, “mfuko ni mmoja. Humo humo mna karo ya Nice.”

Nikamwambia, “Nimesikia.” Nikarudi ndani nikakataa.

Basi mkorofi wako umempata, ni bibi yako. Wala usijifariji kwamba mzee hakuelewa. Nilielewa kabla sijafungua mdomo.

Bado kuna jingine, nalo ndilo lililonichukua siku nne kuandika. Esperansia hakutaka kusema. Alikataa mara tatu. Niliyemshawishi ni mimi, kwa kuwa Audax alikuwa ameniambia kwamba nikimpatia wasimuliaji wa kambini, Kituo kitakuwa na sababu ya kukuchukua wewe. Nikampikia, nikambembeleza, nikamwita mwanangu. Alipomaliza kusema alitoka akatapika nyuma ya nyumba. Mimi nikakunja mkeka. Mwezi uliofuata ukapata barua yako ya chuo, nikacheza mbele ya watu. Hiyo elimu yako imetoka kinywani mwake, Nice, nami ndiye niliyemuuza. Kumuuza mara ya pili nilishindwa.

Sikuombi unisamehe. Tafuta kazi, fundisha hata watoto wa shule ya msingi, umalize pole pole. Ukishindwa njoo, shamba lipo na akili yako haitaoza kwa kushika jembe.

Mjomba wako Frednand anakusalimu, na wanawe, na mapadre wa parokia wanakuulizia. Esperansia naye anakusalimu sana. Sijamwambia lolote. Kila Alhamisi akilaza jembe huniuliza umefika mwaka wa ngapi, nami humjibu kwamba unaendelea.

Bibi yako mzaa mama,
Domisiana