Neno Lililotaka Kumfunga Fransis

Temeke,
Dar es Salaam,
14 Machi, 1954.

Mpendwa Shangazi Apolonia,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Usumbura, na lile goti limepata nafuu. Sie huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya mvua zilizoanza mapema, lakini anakula na anagombana na majirani kama kawaida yake, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Najua unachotaka kusikia, basi sitakuzungusha. Mwanao Fransis yuko huru. Ninapoandika ameketi kizingitini anapiga viatu rangi. Kama wasafiri wa treni ya Kigoma wamekuletea habari kwamba amekiri kumvunja mtu mkono, waambie Tekla amesema ni uongo. Nitakueleza ilivyokuwa ili uweze kuwajibu.

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, Fransis alikwenda kutazama mpira hapa Temeke. Mchezo ulipokwisha, makuli wa bandarini walianza kupigana na vijana wa mtaa wa pili, na kuli mmoja aitwaye Kondo akavunjwa mkono kwa rungu. Askari walipofika, wote waliokuwa wakipigana walikimbia. Fransis hakukimbia kwa sababu hakuwa na kosa la kumkimbiza. Wakamchukua yeye.

Kituoni walikicheka Kiswahili chake cha huko kwenu. Unamjua mwanao alivyo na kiburi. Aliwaambia wampe karatasi aandike mwenyewe, akaandika kwa Kifaransa safi alichofundishwa na mabruda. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: “J’ai assisté à la bagarre.” Wewe uliyewapikia masista miaka yote hiyo unajua maana yake. Anasema, “Nilikuwepo ugomvi ulipotokea, niliuona.” Basi.

Mfasiri wa mahakama anaitwa Bwana Leonardi. Alijifunza Kifaransa kidogo seminari. Alipofika kwenye neno lile aliona linafanana na neno la Kiingereza, “assisted”, akaliandika hivyo hivyo na kuendelea na kazi yake. Kwa Kiingereza, Shangazi, neno hilo maana yake ni kusaidia. Kwa hiyo karatasi aliyosomewa hakimu ilisema kwamba Fransis alisaidia kupiga.

Nilikuwa nimekaa nyuma na jirani yangu Mwanaasha, na sentensi ile naijua, maana Fransis alikuwa ameshaniambia alichoandika. Fransis hajui Kiingereza. Akaulizwa kwa Kiswahili kama maandishi yale ni yake, akajibu kwamba ni yake na kwamba yote aliyoandika ni kweli. Hakimu, Mzungu wa makamo, akavaa miwani na kuanza kuandika. Hapo nikaelewa kwamba mtu wetu anafungwa na mwenyewe anaitikia.

Nikasimama. Mwanaasha alinivuta kanga, sikukaa. Askari wa mlangoni aliniamuru niketi, sikuketi. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi mbele, kwamba tafsiri ile si sahihi. Bwana Leonardi akageuka, akaniambia kwa Kiswahili, “Mama, hapa si sokoni. Kaa chini.”

“Nitakaa ukishalisoma neno lile sawasawa,” nikamjibu.

Hakimu akauliza mie ni nani. Nikasema ni mwalimu, nimesoma kwa masista Usumbura miaka sita, na Kifaransa nakijua kuliko mfasiri wake. Yalikuwa maneno makali, najua. Niliyasema kwa sababu ni ya kweli.

Akaniruhusu kueleza. Nikamwambia, “Kwa Kifaransa, mtu anayehudhuria misa husemwa kwa neno hili hili. Mie nimelifanya hilo kila Jumapili tangu utotoni. Kama maana yake ni kusaidia kutenda, basi nimekuwa nikisoma misa pamoja na padri.” Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, ila kalamu aliiweka chini.

Bwana Leonardi alisema huyu ni mwanamke anayemtetea ndugu yake. Nikasema ndiyo, namtetea, na neno bado si sahihi. Hakimu akaahirisha kesi hadi asubuhi na kutaka kamusi.

Alasiri ile ile nilikwenda misheni kwa miguu. Padri aliniazima kamusi nzito kama tofali, nikaifunga kwenye kanga mbili isilowe, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani. Asubuhi hakimu aliifungua mwenyewe, akapitisha kidole kwenye mistari, kisha akamwita Bwana Leonardi aisome. Alisoma kwa sauti ndogo, na safari hii alisoma sawasawa.

Ndipo akaitwa Kondo. Alikuwa amekaa pale siku mbili, mkono umefungwa shingoni, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, maana walidhani mshtakiwa ameshakiri. Hakimu alimuuliza kama Fransis ni miongoni mwa waliompiga. “Huyu hakunipiga,” akasema. “Huyu ndiye aliyenifunga mkono kwa shati lake.” Fransis akaachiwa kabla ya adhuhuri. Nililia barabarani, sikulia mle ndani.

Mambo hayakuishia hapo. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mahakamani wameandika kwamba nilimvunjia heshima mtumishi wao mbele ya watu, na wanataka niombe radhi kwa maandishi. Nikamuuliza ni neno gani nilikosea. Akasema sikukosea neno, nilikosea namna ya kusema. Nisipoandika, huenda nisiwe na darasa muhula ujao.

Baba ananiambia niandike mistari miwili yaishe. Mwanaasha anasema hivyo hivyo. Hata Fransis amejitolea kuniandikia, na mie nitie sahihi tu. Nimewakatalia wote. Simchukii Bwana Leonardi. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hukosea. Lakini yeye angepoteza dakika moja kukubali kosa, na mwanao angepoteza miaka miwili gerezani. Kila wiki watu husimama pale na kuitikia karatasi wasizozielewa, na huko nyuma hakuna wa kusema kitu. Mie nikiomba radhi leo, kesho mwingine atakayetaka kusimama atakumbuka yaliyonipata, atakaa.

Ninalipenda darasa langu, Shangazi, sitakuficha. Wasichana wangu thelathini na wanne ndio kwanza wameanza kusoma bila kufuata kwa kidole. Wakininyang’anya nitaumia sana. Lakini sitaandika.

Nisalimie Mjomba Didas, umwambie aache kunywa kahawa usiku. Nisalimie na dada Mwamvita wa nyumba ya pili, na watoto wote. Fransis ataandika barua yake mwenyewe akimaliza viatu. Mungu akulaze salama na akuamshe salama, na goti lile alipunguzie maumivu.

Siku ya mwisho niliyopewa ni Jumatano hii. Mwalimu mkuu amenipa na karatasi za kuandikia ule msamaha, nzuri kabisa, zina mistari. Ndizo nilizokuandikia barua hii.

Ni mie mwanao, nikupendaye siku zote,

Tekla