Siku Tuliyofunga Midomo

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wenzako wote wa kiwanda cha mikate. Natumaini ule mkono uliouunguza kwenye tanuri umepona. Sisi ni wazima. Goti la Mama limetulia, ila mdomo wake uko vilevile: kila asubuhi ananiuliza kama nimekuandikia. Leo nimemjibu ndiyo.

Najua umepiga simu mara mbili. Nilikuwepo, nikamwomba Mama aseme naoga. Kwenye simu ningebabaika, unanijua. Shuleni naandika insha za Kiingereza na napata alama nzuri, lakini hili nilipolijaribu kwa Kiingereza lilitoka kama taarifa ya polisi. Basi nakuandikia kama tunavyoongea nyumbani.

Safari ya kwaya ilikuwa tamu mpaka siku ya mwisho. Tulilala kwenye mabweni ya chuo, na jioni wasichana wa sauti ya pili walikuwa wakimwigiza mwalimu wetu, yule yule Mama Pumzi wako, anavyopita akitubonyeza mbavu: “Pumzi, wanangu! Mbavu zifunguke!” Nilicheka mpaka machozi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinilaza sakafuni chumbani kwetu, unaniwekea atlasi tumboni na kuniambia niipandishe na kuishusha bila kuiangusha. Dunia nzima iko tumboni kwangu, na wewe kitandani unasuka nywele huku unaimba ule ubeti wako wa peke yako. Nilidhani kila nyumba ina mtu kama wewe.

Siku ya mwisho ndiyo ilikuwa ya kuja kuimba mjini kwako. Sharti la Mama Pumzi unalijua: siku ya kuimba hakuna kufungua mdomo mpaka jukwaani, hata salamu ni ya mkono. Yeye alitangulia na gari dogo lililobeba majoho. Sisi tukafuata na basi, na dereva alikuwa mgeni wa njia ile. Kwenye njia panda ya kiwanda cha saruji akapunguza mwendo, akauliza jamani, kulia au kushoto? Basi zima kimya. Waliokaa kulia wakanyoosha vidole kulia, wa kushoto wakanyoosha kushoto. Akatuuliza kama amebeba kwaya au amebeba sanamu. Tukacheka kwa mabega tu. Akashika kushoto.

Kumbe barabara ile ilikuwa inatengenezwa. Malori yamepangana mbele na nyuma, hakuna pa kugeuzia, na joto la kuivisha yai. Wadogo wa kidato cha kwanza wakaanza kulia, nao bila sauti, maskini, wakilinda koo zao kwa ajili ya jukwaa ambalo tulikuwa tumeshalikosa.

Huku kila mtu anasema sharti ndilo lililotuponza. Hata Mama Pumzi amekubali, akasimama mbele ya shule nzima akaomba radhi. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili, naangalia viatu vyangu.

Dada, mimi nilijua njia. Wewe mwenyewe uliniambia, tukishaona kiwanda cha saruji tukunje kulia. Nilikaa nyuma ya dereva kabisa, ningemgusa bega tu. Sharti lilifunga mdomo, halikufunga mikono. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia.

Sikuwaogopa watu wa ukumbini. Nilikuogopa wewe. Ubeti niliopewa ni ule ule wako, ulioacha kuuimba ulipotoka shule baada ya Baba kufariki, ili mimi nibaki. Nikiuharibu, ungeona aibu. Nikiuimba vizuri, ungekaa pale unasikiliza kitu chako kikitoka kinywani mwangu. Sikujua lipi lingekuuma zaidi. Nikaona afadhali tuchelewe kidogo. Sikujua tungechelewa vile.

Tulipofika, watu walikuwa wanatoka, na basi likakwama getini. Nikakuona kwenye ngazi. Umevaa gauni la bluu, umepaka rangi ya mdomo kama unakwenda harusini, unamuuliza mlinzi kitu naye anatikisa kichwa. Nikasukuma kioo cha dirisha, nikaita “Dada!” kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Basi zima liligeuka kuniangalia. Wewe hukugeuka. Ulikuwa unakimbilia zamu.

Kesho nitamwambia Mama Pumzi ukweli. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyejipamba vile. Likizo nikija kwako, niambie kama unataka kuusikia ubeti ule kutoka kwangu au hutaki. Ukisema hutaki, sitauimba mahali popote ulipo, na wala sitanuna. Ila uniambie mwenyewe, usinitumie jibu kupitia kwa Mama.

Wasalimie wote wanaokuvumilia huko. Mama anasema ule vizuri na uache kulalia nywele mbichi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kusema mbele yako,

Sisimizi