Tundu la Pili kwenye Taya la Mama Rehema

Jumanne, 1 Septemba 1992

Kutoka Arua hadi zahanati ya Koboko tena, kung'oa meno. Siku ya soko, benchi limejaa, wengine wamekaa majanini. Magego tu asubuhi nzima. Kabla ya saa sita mkono wangu ulikuwa na ganzi kuliko wagonjwa.

Kisha Mama Rehema, yule anayefundisha wasichana Kurani barazani kwake. Gego la chini, limeoza. Nikampiga sindano ya ganzi nyuma ya taya, kama kawaida. Mdomo ukafa ganzi upande mmoja, lakini nilipogusa jino akaruka. Nikarudia. Akapiga yowe. Sisi watu wa koleo tuna msemo wetu huku kuhusu waragi, pombe kali ya hapa: mnywa waragi sindano haimshiki. Nikamwuliza kama amekunywa waragi. Kwa sauti, na dirisha wazi. Benchi likacheka. Akavuta mtandio akafunika mdomo, akaondoka na jino lake.

Nilijiona mjanja. Jioni, Arua, nimesimulia kisa hicho na watu wamecheka tena.

Jumanne, 8 Septemba

Joyce, nesi wa hapa Koboko, kaninunia tangu asubuhi. Mwishowe kasema. Wasichana hawaendi tena kwa Mama Rehema. Wazazi wanauliza mdomo wa waragi utafundishaje Kurani. Nikamjibu kwamba watu wana maneno mengi.

Maneno ni yangu. Najua.

Jumanne, 15 Septemba

Leo nimeumbuka.

Kaka yake Mama Rehema, askari wa zamani, kamleta Rehema mwenyewe. Ana miaka tisa, gego limetoboka. Karibu hapa hakuna mwingine wa kung'oa meno, la sivyo wasingekuja kwangu. Nikampiga sindano. Mdomo ukafa ganzi, jino likabaki hai, vilevile kama la mama yake. Mtoto akalia. Mjomba wake kasimama mlangoni, mikono kifuani. Akaniuliza, tena kwa upole:

"Dakitari, na hii mutoto pia iko nakunywa waragi?"

Safari hii benchi halikucheka. Afadhali lingecheka.

Ndipo nikakumbuka. Chuoni mwalimu alituzungushia mfupa wa taya, mkono kwa mkono. Neva ya meno huingia kwa tundu lililo ndani, nyuma ya taya. Ila wapo watu, alisema, wenye tundu jingine dogo upande wa ulimi, na kijineva kingine hupita humo. Ukifunga mlango wa mbele, wa uani uko wazi. Nililiona tundu hilo kwa macho yangu. Nikaliandika kwenye mtihani, nikasifiwa.

Nikamchoma tena, karibu na jino, upande wa ulimi. Akatulia. Jino likatoka.

Kwa hiyo nilijua, na bado nikamtukana mama wa watu. Asiyejua angekuwa na udhuru. Mimi sina.

Ijumaa, 18 Septemba

Nitamtuma Joyce aniombee msamaha. Hapana, nitakwenda mwenyewe, kimyakimya. Nitapeleka sukari. Woga mtupu.

Jumamosi, 19 Septemba

Koboko kwa lori la mihogo, sukari mapajani. Barazani mikeka ya wasichana imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Hiyo ilinichoma kuliko uso wa kaka yake.

Nimeomba msamaha hapo hapo, mbele yao wawili, yeye na kaka yake. Nimeeleza habari ya tundu. Mama Rehema kasikiliza hadi mwisho, kiganja shavuni, jino bado linamtesa. Kisha kasema:

"Wewe ilisema pale kwa benchi. Kuja sema pale kwa benchi."

Sukari nimerudi nayo.

Jumanne, 22 Septemba

Nimesimama mbele ya benchi. Mama Rehema kaketi mwisho wake. Nikasema: mama huyu hakunywa kitu. Taya lake lina njia mbili, mimi nilifunga moja. Kosa ni langu. Nikaonyesha kwa kidole kwenye taya langu. Mzee mmoja akauliza kama hilo tundu halikutobolewa na waragi. Wachache wakacheka. Nikamjibu kwamba aliyelitoboa ni Mungu.

Mama Rehema akaingia, akafungua mdomo. Sindano nyuma ya taya, kisha upande wa ulimi. Jino likatoka, hata hakushtuka. Lakini machozi yalimtoka.

"Mama, iko uma?"

"Hapana uma."

"Sasa unalia nini?"

"Ile siku ingine ndiyo iliuma."

Nikampa pamba.

Jumanne, 29 Septemba

Mvua. Mgonjwa wa kwanza alinuka waragi tangu mlangoni. Sindano ikamshika mara moja.

Jioni nimepita karibu na baraza la Mama Rehema. Mkeka mmoja umetandikwa. Mingine bado iko ukutani. Sauti za wasichana, chache, zinasoma. Sikusimama.