Picha Yangu ya Kitandani Imemfikia Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijarudishwa kwetu.

Mimi ni Mokami, nimeolewa hapa Matongo, kwetu Kenyamonta, nadarizi mashuka na foronya nauza kwa simu, na wazo lenyewe lilinijia mchana mmoja nimekaa mlangoni na sindano yangu, mashine za makarasha zinasaga mawe ya dhahabu huko ng'ambo, vumbi linang'aa juani, nikawafikiria wanaume wote waliokuja kutafuta dhahabu wanavyolala juu ya viroba, nikaona kabisa, macho yangu wazi, kila banda lina kitanda na kila kitanda kina shuka langu la maua, na watu wamelala wanatabasamu. Jamani, nilisikia raha hadi nikajichoma sindano.

Basi nikajiunga na makundi, la wachimbaji, la kwaya, la wanaoagiza vitu mpakani Sirari, kila kundi naweka picha, lakini shuka lililokunjwa halimvuti mtu, ndipo nikatandika kitanda changu, nikajilaza, nikafumba macho, bega moja nje, wifi yangu Winfrida akanipiga picha, nikaandika "Lala hapa, uote dhahabu," nikaituma makundi yote kwa mpigo, na la ukoo wa mume wangu likiwemo, na humo yumo baba mkwe, mzee Nyangwine, ambaye tangu niolewe akifika langoni hukohoa kwanza nijisitiri, hajawahi hata kuchungulia dirisha langu, maana kwetu Wakurya baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani ovyo, wewe unajua.

Punde simu ikaonyesha kwamba mzee amejiondoa kwenye kundi. Sasa hali chakula cha jikoni kwangu, ng'ombe anawapitisha nyuma ya boma asikutane nami, na mama mkwe kaniambia, "Mwanangu, umemwingiza baba yako chumbani kwako mbele ya ukoo mzima." Mume wangu Mniko, naye mchimbaji, anasema niifute picha kila mahali au nirudi Kenyamonta, lakini mshauri, picha hiyo ndiyo imeleta wateja hata wa Geita, wananiita Mama Ndoto, na nikifumba macho naliona duka langu, lina pazia jeupe linapepea polepole. Nikiifuta si ndiyo nimelizika? Hakuna njia ya kuibakiza?

Mokami, Matongo

MAMA DORKA ANAJIBU:

Marahaba, Mokami. Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimekuhurumia.

Ndoto yako naipenda. Mwanamke anayewaona watu wamelala kwenye viroba akawawazia shuka, huyo ana akili ya biashara na ana moyo. Lakini binti, kila kundi ni boma la watu, lina wenyewe. Ungebeba kitanda chako hadi kwenye kikao cha ukoo, ukakitandika katikati ya wazee, ukajilaza? Hata! Basi ndicho ulichofanya, umeepuka tu kubeba mbao.

Na kinachoniuma zaidi, umeniuliza habari za picha, hukuniuliza utafanyaje mzee wa watu arudi kula kwako. Amekuheshimu miaka yote kwa kikohozi chake, na ulipomkosea akatoka bila kukutukana. Wangapi wangefanya hivyo? Haraka ya kupendwa na watu wa Geita imekusahaulisha watu wa nyumbani.

Sasa sikia. Usimwendee wewe mwenyewe, utaongeza kosa. Waende Mniko na mama mkwe, wapeleke neno lako la kuomba radhi, na wazee wakisema faini ni mbuzi, mbuzi huyo atoke kwenye faida ya mashuka, tena usinung'unike. Winfrida naye akaombe radhi kwa baba yake, maana simu aliishika yeye. Kwenye makundi ya watu omba ruhusa kabla ya kutangaza, na fungua kundi lako la mashuka, anayetaka aingie kwa hiari yake. Shuka lianike kwenye kamba asubuhi, upepo ulijaze, jua lipige maua, upige picha hapo hapo. Mteja atajilaza mwenyewe kichwani mwake, huna haja ya kumlalia.

Picha ile ifute leo, kabla Mniko hajatoka shimoni. Iliyosambaa imesambaa, maji yakimwagika hayazoleki, lakini iliyo mkononi mwako isikutwe. Wateja wakiuliza imekwenda wapi, wajibu kwamba shuka ni lile lile, ila aliyekuwa amelala ameamka.